Gari Linalokufa Usiku: Kabla ya Kukata Waya, Piga Hesabu

Mita imesoma ampea 0.38.

Imelazwa juu ya injini ya Toyota IST ya mwaka 2004, waya wake mmoja umebanwa kwenye nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye kibano kilichovuliwa. Ufunguo uko mfukoni mwa mwenye gari, redio imezimwa, taa zimezimwa, na bado kuna umeme unatoka. Fundi anatabasamu. "Mchawi ni huyu hapa, bosi." Fyuzi ya alamu inachomolewa, namba inashuka, mkasi unatoka kwenye sanduku. Muda si mrefu gari halina alamu na mwenyewe ana amani.

Siku ya tatu, asubuhi, stata inalia tak-tak-tak na injini haigeuki.

Wiki kadhaa sasa namba hiyo imekataa kunitoka kichwani. Si kwa sababu ni kubwa. Ni kwa sababu kila aliyekuwepo aliiamini, na hakuna aliyeizidisha kwa saa za usiku.

## Hesabu ya usiku mmoja

IST nyingi za hapa kwetu zinatembea na betri ya NS40 au NS60. NS60 ikiwa mpya na imejaa inabeba takriban ampea-saa 45, yaani ampea moja kwa saa 45. NS40 takriban 35. Gari likizimwa saa nne usiku na kuhitajika saa mbili asubuhi, hizo ni saa 10. Zidisha 0.38 kwa 10: unapata ampea-saa 3.8.

Ndani ya 45, hiyo haifiki hata sehemu moja ya kumi.

Betri nzima ikipoteza kiasi hicho inazungusha stata kama vile hakuna kilichotokea. Kwa hiyo 0.38 peke yake haiwezi kuwa jibu la gari linalokufa usiku mmoja. Ama betri haikuwa na hizo 45 wakati gari linazimwa, ama usiku kuna kitu kingine kinaamka, kikubwa kuliko kilichoonekana mchana. Na kuna uwezekano wa tatu ambao unanisumbua zaidi: namba yenyewe huenda ilisomwa mapema mno, mlango umefungwa dakika moja tu iliyopita na vifaa vya gari bado viko macho.

Linganisha na mizigo tunayoifahamu. Taa ya buti ya wati 5 inakula ampea 0.4. Taa ya ndani ya wati 8 inakula karibu 0.7. Taa ndogo za mbele na nyuma, pamoja na za namba na dashibodi, zinafika wati 25 hadi 30, yaani zaidi ya ampea 2. Usiku mzima zinakomba ampea-saa 20 na kitu. Taa kubwa mbili za wati 55 ni ampea 9, na hizo hazifiki asubuhi.

Hapo ukubwa wa kitu kinachoweza kuua betri nzima kwa usiku mmoja unaanza kuonekana: ampea 2, 3 au zaidi. Mita ikikupa chini ya nusu ampea na bado gari linagoma kila asubuhi, geuza macho kwenye betri kwanza.

Kwa upande wa pili, gari lililolala vizuri linakula miliampea 20 hadi 50. Hizo ni za saa, kumbukumbu za redio, kompyuta na kipokezi cha rimoti. Kwa miliampea 50, siku nzima ni ampea-saa 1.2, na NS60 nzima inahitaji zaidi ya wiki mbili na nusu kufika nusu. Gari lililoachwa mwezi mzima mwenyewe akiwa safarini, likigoma, huenda halina ugonjwa wowote.

## Betri mpya inaficha

Ushauri wa kwanza wa mtaani huwa ni kununua betri. Na unafanya kazi, ndiyo tatizo lake.

Betri mpya inaweza kubeba uvujaji wa 0.38 bila kulalamika. Ukiendesha kila siku, altaneta, mtambo unaochaji betri injini ikiwaka, inarudisha kile kilichoibwa usiku, au sehemu yake kubwa. Kisha inakuja wikiendi ndefu, au mafuta yanapanda na gari linakaa siku nne. 0.38 mara 24 ni 9.1 kwa siku. Siku nne ni 36. Betri imeisha. Unaibusti, unaendesha nusu saa, unaamini imejaa, kumbe haijafika hata nusu. Kila inapolala ikiwa tupu, salfeti inajikusanya juu ya sahani za risasi na kugeuka ngumu, na kile kilichogeuka kigumu hakirudi tena kuwa umeme. Miezi michache baadaye una betri iliyoandikwa 45 inayobeba 20.

Sasa 0.38 inatosha kuua.

Ndiyo maana magari haya mara nyingi yana magonjwa mawili kwa wakati mmoja, na ukitibu moja tu mgonjwa hainuki. Kukata alamu kulipunguza uvujaji. Hakukuirudishia betri uwezo wake.

## Usiku mmoja bila gari

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi. Kinahitaji spana namba 10, mita, na chaja.

Jaza betri kwa chaja mpaka ijae kweli. Altaneta haitoshi kwa kazi hii. Kwa betri ya 45 iliyofika nusu, chaja ya ampea 4 au 5 inahitaji saa sita hadi nane, kwa sababu sehemu ya mwisho huingia polepole. Iache itulie saa kadhaa, kisha pima: betri ya kawaida ya asidi iliyojaa inasoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 ina takriban robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo.

Jioni ondoa kibano cha upande hasi, kiweke pembeni kisigusane na nguzo. Asubuhi pima tena kabla ya kurudisha.

Kama ilikuwa 12.6 na imeamka 12.6, betri inashika chaji yake na gari ndilo la kushukiwa. Kama imeamka 12.3 wakati haikuunganishwa na chochote, acha kutafuta waya. Na ikisoma karibu 10.5 baada ya kuchajiwa, chumba kimoja kati ya sita kimekufa. Kila chumba kinatoa volti 2.1, na hapo kimoja hakipo.

Kushika chaji bado si kushika mzigo. Rudisha kibano, mtu apige stata huku mita ikiwa kwenye nguzo za betri. Namba isishuke chini ya 9.6 wakati stata inazunguka. Ikianguka hadi 8 au 7 kutoka 12.6, betri ina volti lakini haina nguvu. Joto la pwani linakula betri kimyakimya, halafu wakati huohuo linaisaidia kuwasha, kwa sababu injini yenye joto ni nyepesi. Mtu anapanda na gari hadi Njombe mwezi wa saba, baridi inaisema betri iliyokuwa imechoka tangu Dar.

Betri zenye vifuniko vya kufungulika zinakupa kipimo kingine kizuri: haidromita, inayopima uzito wa asidi ndani ya kila chumba. Vyumba vyote sita vikiwa karibu 1.25 hadi 1.28, sawa. Kimoja kikipishana na wenzake kwa pointi 50, kwa mfano 1.26 na 1.21, betri hiyo inaelekea mwisho hata kama volti zake zinapendeza. Tumia glavu, na usiongeze asidi. Kinachopungua ni maji.

Kabla ya kuondoka kwenye betri, gusa mfuniko wake kwa ncha ya mita: ncha hasi kwenye nguzo hasi, ncha chanya uitembeze juu ya plastiki. Mfuniko mkavu na safi hausomi kitu. Ukiona nusu volti au zaidi, kuna ukungu wa asidi na vumbi unaopitisha umeme kutoka nguzo moja kwenda nyingine. Uvujaji huu kwa kawaida ni mdogo, lakini hautoonekana kwenye fyuzi yoyote, na unaondoka kwa kijiko cha magadi soda kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu na mswaki wa zamani. Vifuniko vya vyumba vibaki vimefungwa wakati unaosha.

## Kinachoingia mchana

Wengi wanaamini kuwasha gari ndiko kunakomaliza betri. Stata ya injini ndogo inavuta ampea 150 kwa sekunde mbili hivi. Ukigeuza kuwa ampea-saa hupati hata 0.1. Kuwasha hakumalizi betri. Kinachoimaliza ni safari ambayo haiirudishi.

Foleni ya jioni, mvua, AC, feni ya rediata, taa kubwa, waipa, redio, simu mbili zinachajiwa. Injini iko kwenye mzunguko wa 700 kwa dakika na altaneta inatoa sehemu tu ya uwezo wake. Unafika nyumbani baada ya saa moja na nusu ukidhani umechaji betri, kumbe pengine umeipunguza.

Pima injini ikiwa kwenye 1,500 hadi 2,000, taa zikiwaka: betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya 13.2, altaneta, mkanda au waya havifanyi kazi yao. Juu ya 15 betri inachemshwa. Magari ya karibuni yana kompyuta inayoshusha chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo usihukumu kwa sekunde tano. Washa mizigo, subiri, pima tena.

Vibano ni wakosaji wa kudharauliwa. Mtu kaweka betri yenye nguzo nyembamba kwenye kibano cha nguzo nene, akakaza kwa kipande cha kopo. Stata inapita siku njema, chaji inakwama. Weka ncha moja ya mita juu ya nguzo yenyewe, nyingine juu ya kibano chake, mtu apige stata. Zaidi ya nusu volti hapo inapotelea kwenye kutu.

Na naomba hili lifike kwa kila anayelifanya: usivue kibano cha betri injini ikiwa inanguruma ili "kuona kama altaneta inachaji". Altaneta ikipokonywa betri ghafla inaweza kurusha makumi ya volti kwenye mfumo mzima kwa muda mfupi, na kompyuta ya injini ndiyo inayopokea.

## Liache gari lilale

Sasa turudi kwenye namba zinazosomwa vibaya.

Ukivua kibano cha betri kisha ukaunganisha mita, umezima kompyuta zote na kuziwasha upya. Zinaamka, zinajikagua, zinavuta ampea moja au mbili. Hata ile cheche unayoiona kibano kikirudi ni vifaa vinavyojijaza umeme, na haithibitishi kwamba kuna shoti. IST inatulia ndani ya dakika chache. Gari lenye ufunguo wa kitufe linaweza kuchukua dakika 30, mengine saa nzima.

Kwa hiyo hila ni kuingiza mita bila gari kujua.

Fungua boneti na mlango wa dereva mapema, na ushushe kioo ili usijifungie nje. Swichi ya mlango, kwa Toyota nyingi za miaka hiyo, ni kitufe chenye mpira kwenye nguzo ya mlango. Kibonyeze na ukifunge kwa tepu, gari lidhani mlango umefungwa. Kwenye magari mapya swichi iko ndani ya kitasa: sukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi mpaka ujifunge, na kumbuka kuuachia kwa kuvuta mpini kabla ya kufunga mlango, la sivyo unavunja kitasa. Ufunguo wa kitufe upeleke mbali, ndani ya nyumba. Ukiwa karibu na gari, vinaendelea kuitana.

Weka mita kwenye tundu la 10A, si la miliampea. Legeza kibano hasi bila kukiondoa. Bana waya mmoja wa mita kwenye nguzo, mwingine kwenye kibano, halafu ongeza waya mnene unaopita sambamba na mita. Ndipo uinue kibano. Umeme haukukatika hata kidogo.

Subiri.

Baada ya muda wa kulala kwa gari lako, toa waya mnene. Umeme wote unapita kwenye mita sasa. Usifungue mlango, usiguse kufuli, na mtu yeyote asizungushe ufunguo: stata ikipigwa kupitia mita, fyuzi ya mita inaungua, na mita za bei ndogo ambazo tundu lake la 10A halina fyuzi zinaungua zenyewe. Hizohizo huandikwa kwamba ampea 10 zipite sekunde 10 tu. Kwa uvujaji mdogo hazina shida.

Baki kwenye 10A hata kama namba ni ndogo. 0.03 inasomeka, na inatosha. Ukihamia tundu la miliampea unaongeza ukinzani ndani ya njia, na baadhi ya kompyuta zinachanganyikiwa.

Balbu ya kupimia ya mafundi wa zamani, ile inayowekwa kati ya nguzo na kibano, inaonyesha uvujaji mkubwa tu. Miliampea 100 haziiwashi hata kwa mwanga hafifu, na wakati huohuo zinatosha kulaza gari lililoachwa wiki mbili.

## Kusoma fyuzi bila kuzichomoa

Namba imetulia kwenye 0.38, tuseme. Desturi ni kuchomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Inafaa kwa gari la zamani. Kwa gari lenye kompyuta nyingi, kila fyuzi unayorudisha inamwamsha mtu, na baada ya fyuzi ya sita hujui tena unapima nini.

Njia safi iko mgongoni mwa fyuzi. Kila fyuzi ya kisu ina matundu mawili madogo juu yanayoonyesha chuma. Rudisha kibano cha betri, liache gari lilale tena, weka mita kwenye 200 mV, gusanisha ncha zake kwanza uone kama inasoma sifuri, kisha gusa matundu yote mawili ya fyuzi.

Fyuzi isiyopitisha kitu inasoma 0.0. Inayopitisha inaacha alama, kwa sababu fyuzi yenyewe ina ukinzani kidogo. Kwa fyuzi ndogo ya 10A, milivolti 1 ni takriban miliampea 130. Kwa ya 15A, takriban 210. Kwa ya 20A, takriban 300. Ukikuta 3.0 kwenye fyuzi ya 10A umeiona karibu yote 0.38 ikipita mbele yako, na hujachomoa chochote.

Kwenye Toyota, anza na zile zisizozimika: DOME, ECU-B, HAZ, HORN, STOP. Kisha za sanduku la chini ya boneti. DOME inabeba taa za ndani, saa na kumbukumbu ya redio, na mafundi wa redio wanapenda kuiba umeme hapo.

## Kitufe kilichovunjika kwenye zulia

STOP nimeitaja kwa sababu. Ni taa za breki, na taa za breki haziulizi ufunguo.

Juu ya pedali ya breki kuna swichi. Pedali ikiwa imeachwa, kipande kidogo cha mpira mgumu au plastiki, ukubwa wa kifungo cha shati, kinakaa kwenye tundu la mkono wa pedali na kuisukuma ncha ya swichi. Baada ya miaka 15 au 20 kinakauka na kumeguka. Ncha ya swichi inapenya tundu, na swichi inaamini umekanyaga breki.

Balbu mbili za wati 21 na ile ya tatu kwenye kioo cha nyuma zinafika karibu wati 60. Ampea 5. Saa 10 ni ampea-saa 50.

Hii ndiyo inayoua NS60 mpya kabisa kabla ya adhana ya alfajiri.

Dalili ziko wazi ukizijua. Kwenye gari la otomatiki, gia inatoka P bila kukanyaga breki. Ukutani nyuma ya gari kuna wekundu usiku. Na juu ya zulia la dereva utakuta vipande viwili vitatu vya plastiki vinavyosagika kwa vidole. Watu wanavifagia na kuvitupa bila kujiuliza vimetoka wapi. Kipuri ni cha bei ndogo sana. Usiku ule unaweza kuweka bolti fupi yenye nati kwenye lile tundu na ukalala. Tepu na bazoka havikai, joto la mchana linavilegeza.

## Fyuzi zote ziko safi, na bado

Hapa ndipo mafundi wengi wanakata tamaa. Mita kwenye betri inasema 0.6, fyuzi zote zinasema 0.0.

Umeme huo haupiti kwenye fyuzi ulizogusa. Kuna njia tatu za kufuata.

Ya kwanza ni waya zilizofungwa moja kwa moja kwenye nguzo ya betri. Zihesabu. Kutoka kiwandani nguzo chanya ina waya mmoja au miwili minene. Kila mwembamba unaotoka hapo umewekwa na mtu. Alamu, kifaa cha GPS, taa za LED, amplifaya ya buti.

Ya pili ni altaneta. Waya wake mnene unatoka betri ukiwa na umeme saa zote, na dayodi za ndani ndizo zinazouzuia usirudi. Dayodi zikianza kuvuja, betri inajimwaga ndani ya altaneta usiku kucha. Asubuhi, kabla hujawasha, weka kiganja juu ya altaneta. Injini imelala saa 10. Chuma kikiwa na uvuguvugu wakati bloku ni baridi, umeshapata jibu. Kuthibitisha: vua kibano hasi cha betri, ondoa waya mnene wa altaneta na plagi yake, funika ncha ya waya kwa mpira, rudisha mita. Namba ikianguka, altaneta inashushwa.

Kuna kipimo cha volti za AC (hapa ni umeme unaogeuka mwelekeo, si kiyoyozi) kwenye betri injini ikiwaka, kwamba zaidi ya nusu volti ni dayodi. Ni kweli, ila jaribu mita yako kwanza injini ikiwa imezimwa. Mita nyingi za bei ndogo zikiwekwa kwenye AC zinasoma hata umeme tulivu wa betri, zinatoa 25 au 26, na altaneta nzima inahukumiwa bure.

Ya tatu ni rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, iliyoganda. Rilei ya klachi ya kompresa ya AC ikishikamana, klachi inavuta ampea 3 au zaidi gari likiwa limezimwa. Utasikia "tak" kutoka kwa kompresa kila unaporudisha kibano cha betri, ufunguo ukiwa mfukoni. Gusa rilei zote: ya moto kati ya zilizopoa ndiyo. Ibadilishane na jirani yake mwenye namba ileile.

## Vilivyoongezwa

Kwa haki ya ile alamu iliyokatwa: alamu nzima inakula miliampea 20 hadi 30. Kifaa cha GPS, kwa kawaida, 5 hadi 20 kikilala na 50 hadi 100 kikiwa macho. Hata kikikesha na 80, usiku mmoja ni ampea-saa 0.8. Hakiui gari usiku. Lakini wiki mbili ni karibu 27, na hapo kinalaza NS60. Kwa teksi inayotembea kila siku kiache. Kwa gari la mtu aliye safarini, hapo ndipo pa kutazama.

Redio za Android ni habari nyingine. Waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, mwekundu ni wa ufunguo, mweusi ni bodi. Fundi anayekosa waya wa ufunguo, au mteja anayetaka muziki bila ufunguo, wanaunganisha njano na nyekundu pamoja. Redio haizimiki tena. Kioo kinazimwa, ndani kompyuta inakesha na kuvuta kuanzia nusu ampea hadi ampea moja na zaidi. Kutenganisha waya mbili na kuupeleka mwekundu kwenye fyuzi ya ACC au CIG, zinazozimika na ufunguo, ni kazi ya nusu saa, na mara nyingi ndiyo dawa nzima.

## Uvujaji unaokuja na kuondoka

Kuna gari ambalo mchana linasoma 0.03, safi, na asubuhi limekufa. Hapo huwezi kushinda kwa kusimama na mita.

Kinachosaidia ni kifaa kidogo cha Bluetooth kinachobanwa kwenye nguzo za betri na kuandika volti kila baada ya muda, kisha simu inachora mstari. Ule mstari unasema mengi. Ukiteremka taratibu usiku kucha, uvujaji ni wa kudumu. Ukikaa sawa mpaka saa nane usiku halafu ukaporomoka, kuna kitu kiliamka saa nane: rilei, kompyuta, kifaa cha GPS kinachotafuta mtandao. Ukianguka hadi 12.2 ndani ya saa moja ya kuzima gari na kubaki hapohapo mpaka asubuhi, hakuna mwizi. Betri haikuwa imejaa tangu mwanzo.

Bila kifaa hicho, simu yenye kamera inatosha kwa swali moja. Iache ndani ya buti ikirekodi, funga, hesabu mpaka kumi, fungua. Taa ikibaki inawaka kwenye video, swichi ya buti imekufa. Fanya hivyohivyo na kisanduku cha dashibodi.

## Ukishapata

Usirudishe gari barabarani na betri nusu ukitegemea safari ya kesho. Irudishe kwenye chaja, ijae, ipumzike, ifungwe. Asubuhi ya kwanza na ya pili pima kabla ya kufungua mlango wowote. Kama hilo haliwezekani, pima boneti ikiwa imeachwa bila kufungwa tangu jioni. 12.5 na kuendelea, umemaliza. Ikiwa uvujaji sasa ni 0.03 na bado betri inaamka 12.2, sahani zimeshakula salfeti ya kutosha na betri mpya inahitajika.

Ukienda dukani, nenda na mita. Betri iliyokaa rafu miezi inaweza kusoma 12.3, na ukiifunga hivyo unaanza na nusu na kitu tu. Angalia namba iliyoandikwa: 46B24L na 46B24R ni betri moja kwa ukubwa, herufi ya mwisho ndiyo inayosema nguzo ziko upande gani, na ukichukua isiyo yako waya hazifiki. Angalia pia unene wa nguzo, ulingane na vibano ulivyo navyo. Kwa wenye Prius au Aqua ambazo betri ile ndogo ya volti 12 iko ndani ya gari, lazima iwe ya aina yenye mrija wa kutolea hewa, na mrija huo uunganishwe. Nayo inachajiwa tu gari likiwa kwenye READY, neno hilo likiwaka kwenye dashibodi; kukaa ndani ukisikiliza redio bila READY kunaimaliza haraka kuliko ilivyo kwenye IST.